Nionyeshe utosi kabla hujanunua dawa ya nywele

Wanawake wengi wanaokuja kwangu hapa Lamu hufungua pembe ya leso na kunionyesha nywele zilizotoka wakichana. Nazipokea kwa heshima, naziweka mezani, kisha naomba mtandio uvuliwe. Unywele uliokwisha toka hauniambii mengi. Nataka kuiona ngozi ulikotoka.

Nashika kioo cha kukuzia na kutafuta vitundu vya kutokea nywele. Vikionekana, hata kama mahali penyewe ni peupe kama kiganja, shina bado lipo na ninayo kazi ya kufanya. Ngozi ikiwa laini, inang'aa, haina kitundu hata kimoja, hapo kovu limeshachukua nafasi ya shina. Hakuna mafuta, sindano wala kidonge kinachofufua shina lililokwisha kuwa kovu. Ndiyo maana nakasirika nikiona mama ametumia miaka mitatu na pesa nyingi kununua chupa za kuotesha nywele, na hakuna aliyewahi kumtazama kichwa.

Kuna wanaokuja na hofu kubwa na ugonjwa mdogo. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika kiasi cha miezi mitatu, ndipo hudondoka. Kujifungua, malaria kali au upasuaji husukuma nywele nyingi kwenye mapumziko kwa mpigo. Kwa hiyo arubaini hupita salama, na karibu mwezi wa tatu au wa nne chanuo linajaa. Mama humshuku jirani aliyezisifu nywele zake harusini. Mimi namuuliza mtoto ana miezi mingapi. Nampima damu nione kama ana upungufu wa madini ya chuma. Kama hana, simwandikii kitu. Nywele hurudi zenyewe, mara nyingi kabla mwaka haujaisha.

Mabaka ya mviringo yanataka umakini zaidi. Kwa mtoto wa madrasa mwenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, nafikiria mapunye kwanza. Fangasi wake wamo ndani ya unywele wenyewe, ambako dawa ya kupaka haifiki. Namwandikia griseofulvini ya kumeza kwa wiki sita hadi nane, anywe baada ya chakula chenye mafuta kwa sababu ndivyo mwili unavyoifyonza vizuri. Wali wa nazi unafaa kabisa. Na asiazimane kofia wala chanuo na wenzake. Tafadhali msimpake tyubu za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zinazouzwa madukani. Wekundu utatulia, fangasi wataendelea kuenea.

Baka likiwa laini, halina magamba, na vitundu vipo, mara nyingi kinga ya mwili ndiyo iliyoshambulia mashina. Hapo steroidi ndiyo dawa, nachoma sindano ndogo ndogo ndani ya baka kila baada ya wiki nne hadi sita. Kwa waliopoteza karibu nywele zote, mwaka 2022 Marekani iliidhinisha vidonge vya barisitinibu, dawa iliyoanza kutumika kwa baridi yabisi. Ni ghali, na kwa kuwa inapunguza nguvu ya kinga, mgonjwa lazima apimwe kifua kikuu kabla ya kuianza.

Lakini kinachoninyima usingizi ni makovu, maana mengi yangeweza kuzuiwa. Msuko wa harusi unavutwa mpaka nyusi zinapanda, juu yake nywele za bandia, na bibi harusi anaambiwa avumilie, kesho utalegea. Msuko unaouma unang'oa. Vipele vidogo kwenye mistari ya msuko ni mashina yanayolalamika. Rudia hivyo mwaka baada ya mwaka na nywele za kipajini zinarudi nyuma, ukibaki uzi mwembamba wa vinyweleo mbele. Sisi wa pwani tunajisitiri, na mtandio husitiri hata ugonjwa; mume haoni, dada haoni, mwenyewe anazoea. Akija mapema, kulegeza msuko na kutuliza uvimbe wa ngozi kunatosha mara nyingi.

Kovu jingine huanzia utosini na kupanuka polepole, pakiwasha, pakichoma, pakiuma ukipagusa. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walilihusisha na kitana cha moto. Baadaye wakaonekana wanawake wasiowahi kukishika kitana hicho nao wanaugua, na mwaka 2019 watafiti walikuta kwa baadhi yao hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayosaidia kuujenga unywele. Kwa hiyo simgombezi mtu. Natumia steroidi ya kupaka au ya sindano, pamoja na antibiotiki iitwayo doksisaiklini kwa miezi kadhaa ili kutuliza uvimbe, na namwambia wazi kwamba tunazuia kovu lisisogee.

Minoksidili ndiyo mnayoniuliza sana. Ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu ya kupaka kichwani. Inafanya kazi palipo na shina. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, watu wakaogopa na kuiacha. Mimi naomba miezi minne angalau. Ukiiacha, ulichopata kitapotea. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie.

Mafuta ya nazi nayapenda, yanasaidia unywele usikatike ovyo, ila hayaoteshi. Mwenye mba unaowasha ayapake kwenye nywele tu, asisugue ngozini, kwa sababu fangasi wa mba hula mafuta. Namwandikia shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, na namweleza mapema kwamba mba hutulizwa tu, akiacha kabisa utarudi.

Juzi mama mmoja alivuka kutoka Faza na binti yake wa miaka tisa, amesukwa kwa ajili ya harusi ya shangazi, kipaji kimejaa vipele. Nilitazama. Vitundu vyote vilikuwepo. Tulizifumua palepale, mimi upande huu, mama upande ule, na kabla hatujafika nyuma mtoto alikuwa amelala.