Baada ya kuongezwa matiti: lini urudi mazoezini, na lini urudi kwenye mwiko wa jikoni?

Ninafanya kazi ya kine, yaani tiba ya viungo na misuli, hapa Lubumbashi. Wanawake wanaonijia baada ya kuwekewa vipandikizi vya matiti wengi walipasuliwa nje, Afrika Kusini, India au Uturuki, wakarudi na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mashine ya kufulia. Karatasi inasema: hakuna mazoezi kwa wiki 6. Juu ya kusonga bukari, yaani ugali, haisemi neno. Haya ndiyo wanayoniuliza. Pale ambapo daktari aliyekupasua amesema tofauti na mimi, mfuate yeye, maana yeye ndiye aliyeona ndani.

Naweza kuanza kutembea lini?

Siku ileile, ukishaamka vizuri kutoka kwenye dawa ya usingizi. Zunguka chumbani taratibu, mara kadhaa kwa siku. Mtu aliyelala muda mrefu baada ya kupasuliwa, damu huweza kuganda miguuni, na kipande kikipanda hadi kwenye mapafu kinaua. Kwa sababu hiyohiyo, muulize daktari siku ya kusafiri kabla ya kukata tiketi, na kama unarudi kwa basi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kila gari likisimama shuka unyooshe miguu.

Ila usitembee hadi kutoa jasho. Katika wiki mbili za kwanza, moyo ukienda mbio presha hupanda, na mshipa mdogo uliofungwa juzi unaweza kuachia damu ikajaa ndani ya titi.

Niliambiwa kipandikizi kiko chini ya msuli. Inabadilisha nini?

Karibu kila kitu kinachohusu mikono. Mwambie dada yako aweke kiganja kimoja kifuani mwake, na kwa mkono wa pili asukume ukuta. Atasikia msuli ukikakamaa chini ya kiganja. Huo ndio msuli ambao daktari ameuinua, na mara nyingi ameuachanisha upande wa chini, ili kipandikizi kipate nafasi. Ukikakamaa, unakisukuma kipandikizi kwenda chini na pembeni. Mwili bado haujajenga utando wa kukizunguka na kukishika, kwa hiyo kinaweza kuhama, titi moja likabaki chini kuliko jingine. Hapo dawa yake ni kupasuliwa tena.

Kama kimewekwa juu ya msuli, nyuma ya titi lenyewe, maumivu huwa madogo na mikono hurudi mapema kidogo. Mshono lakini ni mshono.

Kupika bukari nako ni zoezi?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Chukua nyumba ya watu 8: sufuria kubwa juu ya mbabula (jiko la mkaa), wewe umekaa kwenye kiti kifupi, mguu umeizuia sufuria isizunguke, mikono miwili kwenye mwiko. Bunga inapoanza kushika, unasukuma, unavuta, unageuza, na kifua chote kinafanya kazi. Ukikaa hivyo dakika 10, msuli wa kifua unapata zoezi ambalo hata jirani yako anayekimbia kila asubuhi hajalipata. Nimewahi kuona mama mmoja aliyeacha mbio kwa utiifu kabisa, akawa anasonga bukari mchana na jioni tangu siku ya tano. Alishangaa kwa nini titi la kulia, upande wa mkono wake wa nguvu, halikuacha kuvimba.

Kwa hiyo mwiko uache wiki 4 hadi 6, na uanze na sufuria ndogo. Kutwanga sombe (majani ya muhogo) ni kubaya zaidi, kwa sababu mchi unauinua juu ya kichwa kisha unaushusha kwa nguvu; peleka sombe ikasagwe kwa mashine sokoni. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na wiki za mwanzo hata kidumu cha lita 5 ni kizito mno. Kufua kwa mikono, kukamua blanketi, kupiga deki ukiwa umeinama: vyote vingoje.

Na mazoezi yenyewe?

Wiki ya 3, kutembea haraka, kama daktari ameona mshono umefunga. Baiskeli ya mazoezi, ile isiyotoka mahali pake, ni sawa ikiwa hulazi uzito kwenye mikono. Mazoezi ya miguu bila vyuma mkononi, kuanzia wiki ya 4. Mbio na kuruka, wiki ya 6. Kuogelea vilevile, na kamwe si kabla kidonda hakijakauka kabisa. Kupiga pompu (push-up), kunyanyua vyuma kwa kifua, mpira wa kikapu: wiki 8 kwenda juu, na wenye kipandikizi chini ya msuli mara nyingi huambiwa miezi 3.

Wengi huniambia, "Niko bien, haiumi tena." Maumivu huondoka mapema kuliko kovu kupata nguvu. Ngozi iliyokatwa hufikia asilimia 80 hivi ya nguvu yake ya zamani baada ya miezi 3, na haizidi hapo.

Sidiria gani?

Ya michezo, inayobana sawasawa, isiyo na waya. Waya hukaa palepale penye mshono chini ya titi. Wiki za mwanzo huvaliwa mchana na usiku. Ukiinunua kwenye mtumba pale soko la Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, vuta mpira wake kwanza: ukibaki umelegea mkononi, irudishe.

Mtoto wangu amezoea mgongo.

Kitenge kinapita juu ya matiti na fundo linakaa kifuani, na mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10. Wiki 6, au zaidi. Kaa kitini, mtu mwingine akuwekee mapajani.

Mama anataka kunikanda kwa maji moto, kama baada ya kuzaa.

Mshukuru, umkatalie. Baada ya operesheni ngozi ya titi huwa na ganzi kwa wiki au miezi, na usiposikia joto utaungua bila kujua. Barafu nayo isigusane na ngozi.

Lini niache yote niende hospitali?

Titi moja likivimba ghafla na kuwa gumu kuliko jingine. Homa ya 38 au zaidi, wekundu unaoenea, usaha. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata: hapo usingoje asubuhi. Na hata miaka kadhaa baadaye, titi likijaa maji bila sababu, likapimwe. Vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza vimehusishwa na saratani adimu ya chembe za kinga za mwili (limfoma), na Ufaransa ilipiga marufuku aina kadhaa mwaka 2019. Jua aina yako. Kadi yake uliyopewa itunze pamoja na karatasi za nyumba.

Nyumbani hakuna anayejua. Nitakwepaje kazi?

Huwezi kukwepa wiki 6 kimyakimya katika nyumba ya Katuba au Kampemba yenye shangazi watatu. Si lazima useme yote. "Nilipasuliwa kifuani, daktari amekataza kubeba" ni kweli tupu, na inatosha kwa wengi. Lakini mtu mmoja ajue yote, na awe yule anayelala karibu nawe, aweze kukupeleka hospitali saa 8 usiku na kumwambia daktari wa zamu ni nini hasa kilichofanywa. Wa pili, ukimwamini, awe yule atakayeshika mwiko.