Athari ya Bradley: mpiga kura anaposema hivi na kupiga vile

Kila Mmarekani mweusi anapowania urais, msemo wa "athari ya Bradley" hufufuka. Ulivuma sana mwaka 2008 Barack Obama alipopambana na John McCain, ukarudi tena 2024 kwa Kamala Harris, na wengi wanaousikia huuchukua kama jina jingine la ubaguzi wa rangi kwenye sanduku la kura. Sivyo. Athari ya Bradley ni kitu chembamba zaidi: ni pengo kati ya wapiga kura wanachowaambia watafiti wa maoni kuhusu mgombea mweusi, na wanachokifanya wakishabaki peke yao na karatasi ya kura. Mzungu anayetamka waziwazi kwamba hampi kura mtu mweusi hayumo humo. Huyo kura yake imeshahesabiwa kwenye utafiti, tena mahali pake. Anayehusika ni yule anayeona haya kulisema, anayejibu "nampa Bradley" au "bado sijaamua", kisha akifika kituoni anampa mpinzani.

Bradley mwenyewe ni Tom Bradley, mjukuu wa watumwa aliyezaliwa Texas, akafanya kazi ya polisi kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye siasa, na kuanzia 1973 akawa meya wa Los Angeles. Mwaka 1982 aliwania ugavana wa California kwa tiketi ya chama cha Democratic. Mpinzani wake, George Deukmejian wa Republican, alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Hadi wakati huo hakuna mtu mweusi aliyewahi kuchaguliwa kuwa gavana wa jimbo lolote la Marekani.

Tafiti za kabla ya uchaguzi zilimweka Bradley mbele. Siku yenyewe, tarehe 2 Novemba, hata watu waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba anashinda, na Mervin Field, mtafiti wa maoni mwenye jina kubwa jimboni, akatangaza hivyo. Gazeti la San Francisco Chronicle likachapa toleo la mapema likiwa na kichwa cha habari cha kumtabiria ushindi. Kura zilipomalizika kuhesabiwa, Deukmejian alikuwa amempita kwa kura kama 93,000 kati ya zaidi ya milioni 7.5, yaani pointi 1.2 za asilimia hivi. Bradley alikuwa ameshindwa.

Maelezo yaliyokuja haraka yalikuwa rangi, na hayakutoka hewani. Wiki chache kabla ya uchaguzi, Bill Roberts, meneja wa kampeni ya Deukmejian mwenyewe, aliwaambia waandishi wa habari kwamba zipo kura za chuki zilizojificha, na kwamba mgombea wake angefaidika nazo kwa pointi kama 5 ambazo tafiti hazizioni. Kauli hiyo ilimpotezea kazi. Lakini matokeo yalipotoka, watu waliikumbuka.

Hapa ndipo hadithi inapoanza kuwa na kona. Ukizitazama kura zilizopigwa vituoni siku ile, Bradley aliongoza. Kilichompindua ni kura zilizotumwa kwa posta. Chama cha Republican kilikuwa kimeendesha kazi kubwa ya kuwapelekea wafuasi wake fomu za kupigia kura nyumbani, na mtu wa namna hiyo humkuti mlangoni mwa kituo ukamuuliza amempa nani. Tena, kwenye karatasi hiyohiyo ya kura kulikuwa na pendekezo la kudhibiti bastola, lililowatoa majumbani wahafidhina wengi ambao huenda wasingejisumbua. Kwa hiyo kisa kilichoipa athari hii jina lake ni mfano wenye walakini. Sisemi rangi haikuhusika mwaka ule. Ingekuwa ajabu kama isingehusika. Nasema tu kwamba ukiondoa posta na bastola, nafasi inayobaki kwa waongo ni ndogo kuliko inavyosimuliwa.

Ushahidi mzito ulikuja miaka saba baadaye, tarehe 7 Novemba 1989, kwa chaguzi mbili za usiku mmoja. Huko Virginia, Douglas Wilder aligombea ugavana akiwa na uongozi uliofika karibu pointi 10 katika baadhi ya tafiti. Alishinda, akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana nchini humo, lakini kwa chini ya kura 7,000 kati ya karibu milioni 1.8. Huko New York, David Dinkins, naye mweusi, aliyekuwa akimwacha mzungu Rudy Giuliani kwa zaidi ya pointi 10 katika tafiti alipata umeya kwa pointi zisizofika 3. Ndiyo maana vitabu vingine huiita athari ya Wilder, na kwa haki jina hilo linaifaa zaidi.

Virginia ilitoa pia kitu ambacho California haikutoa. Watafiti walirudi kwenye mahojiano ya simu yaliyofanyika kabla ya uchaguzi na kutazama nani alikuwa anauliza maswali. Wazungu waliohojiwa na mtu mweusi walisema wanamuunga mkono Wilder zaidi kuliko wazungu waliohojiwa na mzungu mwenzao, kwa tofauti ya pointi 8 hadi 11. Swali lilikuwa moja, mgombea alikuwa mmoja, jimbo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni sauti iliyokuwa upande wa pili wa simu.

Jambo hili lina mantiki yake. Anayejibu swali la utafiti yuko mbele ya mtu, na mbele ya watu kila mmoja hujipanga. Kadiri jamii ilivyozidi kuuona ubaguzi kuwa aibu, ndivyo majibu yalivyozidi kusafishwa kabla ya kutolewa. Mwaka 1958 shirika la Gallup lilipowauliza Wamarekani kama wangempigia kura mgombea urais mweusi mwenye sifa, aliyeteuliwa na chama chao, waliokubali walikuwa asilimia 38 tu. Miaka hiyo hapakuwa na haja ya kuficha. Hadi kufikia uchaguzi wa 2008 waliokubali walikuwa wamepita asilimia 90, na hapo ndipo swali gumu linapojitokeza: ni wangapi walibadili moyo, na ni wangapi walibadili jibu?

Wanasayansi wa siasa wana njia ya kulizunguka hilo bila kumwumbua yeyote, nayo naipenda kwa jinsi ilivyo nyepesi. Katika utafiti wa kitaifa wa 1991, waliohojiwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisomewa mambo matatu: serikali kuongeza kodi ya petroli, wanamichezo kulipwa mamilioni ya dola, na makampuni makubwa kuchafua mazingira. Halafu likaulizwa: usiniambie ni yapi, niambie tu ni mangapi yanayokuudhi. Kundi la pili lilisomewa hayohayo matatu pamoja na la nne, familia ya watu weusi kuhamia nyumba ya jirani. Kwa kuwa mtu anataja idadi tu, hakuna anayeweza kujua kama la nne ni mojawapo ya yanayomuudhi. Lakini wastani unasema. Miongoni mwa wazungu wa majimbo ya Kusini, wastani wa kundi la kwanza ulikuwa 1.95, na wa kundi la pili 2.37. Tofauti hiyo ya 0.42 maana yake ni kwamba kama asilimia 42 yao waliudhiwa na jirani mweusi. Nje ya Kusini wastani haukupanda hata kidogo. Hakuna hata mmoja aliyelazimika kulitamka.

Turudi kwenye urais. Januari 2008, katika kura za mchujo za chama cha Democratic huko New Hampshire, wastani wa tafiti ulimpa Obama uongozi wa pointi kama 8 dhidi ya Hillary Clinton. Clinton akashinda kwa pointi kama 3. Usiku uleule jina la Bradley lilikuwa vinywani mwa wachambuzi. Wiki mbili na ushei baadaye ikaja South Carolina, na huko tafiti zilikosea kuelekea upande mwingine: Obama aliyetabiriwa kushinda vizuri alishinda kwa kishindo, asilimia 55 kwa 27. Sababu kubwa ilikuwa watafiti kukadiria vibaya idadi ya wapiga kura weusi watakaojitokeza na jinsi watakavyomwendea kwa pamoja. Rangi ilikuwa imefanya kazi, ila si ile iliyotarajiwa, na hakuna aliyeficha chochote.

Novemba 2008 ndiyo ulikuwa mtihani wenyewe. Tafiti za mwisho zilimweka Obama mbele kwa pointi 7 na kitu. Akashinda kwa pointi 7 na kitu. Pengo halikuonekana. Mtafiti Daniel Hopkins, aliyepitia chaguzi 133 za magavana na maseneta kati ya 1989 na 2006, alifikia jibu linaloendana na hilo: hadi katikati ya miaka ya 1990 wagombea weusi walipata kura pungufu kuliko tafiti zilivyosema kwa kiasi cha pointi 3 hivi, kisha pengo likafutika. Kwa maoni yake, uhalifu na misaada ya serikali kwa maskini, mada mbili zilizobebeshwa sana rangi katika siasa za Marekani, zilipoondoka katikati ya mjadala wa kitaifa, pengo nalo likaondoka. Unaweza kuongeza teknolojia hapo. Mtu anayejibu kwa kubonyeza simu inayojiendesha au kwa kujaza fomu ya intaneti hana wa kumwonea haya.

Wengi walilisoma hilo wakahitimisha kwamba rangi imekwisha kazi kwenye uchaguzi wa rais. Kosa ni lilelile la mwanzo, limegeuzwa tu. Athari ya Bradley inapima usiri. Utafiti unaweza kulenga shabaha kabisa, na bado rangi ikawa imeamua kura nyingi ambazo wenyewe walizitangaza mapema. Mwaka 2008, kwa mujibu wa watu waliohojiwa wakitoka vituoni, McCain alipata asilimia 55 ya wazungu na Obama 43, huku asilimia 95 ya weusi wakimpa Obama. Yote hayo yalikuwa yakionekana kwenye tafiti kabla ya siku ya kura. Wala hayakuanza na Obama. Mgombea wa mwisho wa Democratic kupata kura za wazungu walio wengi alikuwa Lyndon Johnson mwaka 1964, na John Kerry, mzungu, mwaka 2004 aliambulia kwa wazungu asilimia 41, pungufu ya alizopata Obama.

Je, hiyo ina maana kwamba rangi haikumgharimu Obama chochote? Mchumi Seth Stephens-Davidowitz alitafuta jibu mahali ambapo watu hawajipangi: kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google. Alipima ni maeneo gani watu walitafuta kwa wingi vitu vyenye tusi baya kabisa dhidi ya watu weusi, akitumia takwimu za kabla Obama hajawa mgombea, kisha akalinganisha kura za Obama 2008 na za Kerry 2004 eneo kwa eneo. Palipokuwa na tusi zaidi, kama West Virginia na sehemu za Pennsylvania na Ohio, Obama alifanya vibaya kuliko ambavyo kura za Kerry zingekufanya utabiri. Makadirio yake ni kwamba chuki ilimpunguzia pointi kama 4 za kura za nchi nzima. Mwaka ule uchumi ulikuwa umeanguka chini ya rais wa Republican, na upepo wote ulivuma kuelekea Democratic. Pointi hizo zilizama ndani ya ushindi. Na kwa sababu waliozitoa hawakuwadanganya watafiti, hakuna pengo lililobaki la kuziashiria.

Kwa Harris mwaka 2024, tafiti za mwisho zilimpa uongozi wa kama pointi 1 kitaifa, na Donald Trump akamaliza mbele kwa pointi 1.5. Kuna waliosema: huyo hapo Bradley. Ila tafiti zilimpunja Trump vilevile mwaka 2020, tena kwa kiasi kikubwa zaidi, karibu pointi 4, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa Joe Biden, mzungu. Tatizo linalofanana kwa mgombea mzungu na mweusi haliwezi kuwa la kuonea haya rangi ya mgombea. Linaelekea zaidi kutoka kwa watu wasiopokea simu kabisa: kituo cha utafiti cha Pew, ambacho mwaka 1997 kilipata majibu kwa asilimia 36 ya waliopigiwa, mwaka 2018 kilipata 6 tu, na waliokataa hawafanani na waliokubali. Anayetaka kumtafuta Bradley kwenye uchaguzi ujao aanze hapo, kwa kuweka kosa la tafiti za mgombea mweusi kando ya kosa la wagombea weupe wa chama chake, jimbo hilohilo na mwaka huohuo. Tofauti ikikosekana, chanzo cha kosa kiko kwingine.