Sakafu kunyooka ni kitu kimoja, kuwa levo ni kingine

Anayejenga siku hizi utamsikia: "Sakafu iko levo, nimeshapiga niru, fundi tailizi aje tu." Niru, yaani uji wa saruji unaopakwa juu, huifanya sakafu iwe laini, basi. Haisemi lolote kuhusu mabonde yaliyo chini yake, na tailizi hazishiki vizuri juu ya niru mpaka ichimbuliwechimbuliwe kwa patasi.

Kusawazisha kabla ya tailizi ni hivi: palipoinuka pachongwe, palipobonyea pajazwe, mpaka rula ndefu ikilazwa popote itulie bila kucheza. Huko ndiko kunyooka. Levo ni sakafu kulala kama maji yaliyotuama, upande huu usizidi ule.

Sakafu inaweza kuwa na kimoja bila kingine, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Bafu linatakiwa lishuke kuelekea tundu la maji, sm 1 hadi 2 kwa kila mita. Haliko levo na halipaswi kuwa levo, lakini mteremko wenyewe lazima unyooke, la sivyo maji yatabaki kwenye bonde kila mtu akioga. Sebule ya mita 4 inayoshuka sm 1 kutoka dirishani hadi mlangoni, ikiwa imenyooka, inapokea tailizi vizuri kabisa. Ukimlazimisha fundi ailete levo kwa kupaka saruji inayokonda hadi kuisha, ule ukingo mwembamba utabanduka. Skridi, yaani tabaka la mchanga na saruji la kusawazishia, inataka unene wa sm 2 na nusu hivi kwenda juu, maana yake sakafu nzima inapanda na milango inakatwa chini.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Fundi anaweka pima maji ya futi 2 katikati ya chumba, kipovu kinakaa kati, anasema iko sawa. Amepima hapo ilipolala tu. Tailizi ya sm 60 kwa 60 haipindi. Ikikuta bonde, kona moja inachomoza juu ya jirani yake, au fundi anaiinua kwa madonge ya udongo wa saruji, manne kwenye kona na moja kati. Chini kunabaki uwazi. Ukiigonga inalia tupu, na siku mguu wa kabati zito ukikalia pale, inapasuka.

Kwa hiyo ukifika saiti, usiishie kuuliza kama sakafu iko levo. Mwombe fundi alaze rula ya aluminiamu ya mita 2 kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona, nawe uiname uchungulie chini yake. Uwazi wa mm 3 hivi, tailizi kubwa zinavumilia. Ukizidi hapo, pajazwe kwanza, pakauke, ndipo gundi ichanganywe.