Safu ndani ya safu si jedwali

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi pale Kijitonyama aliniita mezani kwake. "Kaka, hebu njoo uone. Ukurasa unaleta wachezaji wanne tu." Alikuwa anatengeneza ukurasa wa kuonyesha kikosi kabla ya mechi, na majina ya wote kumi na moja alikuwa nayo. Nikamuuliza data ameipangaje. "Kawaida tu, kaka, jedwali la pande mbili."

Neno hilo nimelisikia mno mwaka huu. Nimelisikia kwenye usaili, nimelisikia kwa wanaofundisha, hata kwa watu walioanza kazi hii kabla yangu. Safari hii lilikuwa limepoteza wachezaji saba.

Maana yenyewe ni fupi. Safu, au arei kama tunavyosema wengi, ni vitu vilivyopangwa kwa mfuatano, kila kimoja na namba ya nafasi yake, yaani indeksi, kuanzia 0. Kitu hicho chaweza kuwa namba, maandishi, au safu nyingine nzima. Kikiwa safu nyingine, hapo una safu ndani ya safu. Kikosi cha kijana, kwa JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, nikiweka namba za jezi badala ya majina, kilikuwa hivi:

```
let kikosi = [
  [1],
  [2, 5, 4, 3],
  [6, 8, 10],
  [7, 9, 11]
];
```

Ukimtaka beki wa kati mwenye jezi namba 4, unaandika `kikosi[1][2]`. Kipa yuko `kikosi[0][0]`, ingawa mgongoni ana 1. Namba ya nafasi na kilichomo kwenye nafasi ni vitu viwili.

Sasa hilo jedwali. Asili yake ni Kiarabu, *jadwal*, neno ambalo huko kwao lina pia maana ya kijito au mfereji wa maji. Jedwali lina mistari iliyochorwa tayari, kila mstari una visanduku sawa na mwenzake, na kisanduku kisicho na kitu bado kipo, kitupu. Safu nayo ni Kiarabu, *saff*, mstari wa watu waliosimama pamoja. Sura ya 61 ya Kurani inaitwa hivyo, As-Saff, na inawataja wanaopigana wakiwa wamejipanga safu kama jengo lililoshikamana. Neno la Kiingereza lililotupa arei lilitoka Kifaransa cha zamani, na zamani lilitumika hivyohivyo kwa kupanga askari vitani. Lugha mbili zisizo na undugu, picha ileile: watu kwenye mstari. Hakuna aliyechora visanduku.

Ndiyo maana napenda tafsiri yetu kuliko tunavyoiheshimu. Mtu yeyote aliyewahi kuswali msikitini anajua safu za mbele hujaa na ya mwisho huweza kuwa na watu watatu, na bado ni safu. Mtangazaji wa mpira anasema safu ya ulinzi, safu ya ushambuliaji, na hakuna anayedhani zina idadi sawa ya watu. Nadhani kinachotuchanganya ni programu za mahesabu, ambako tumezoea safu wima na safu mlalo, na gazetini safu ni ule ukanda wa maandishi unaoshuka chini. Huko kote safu ni sehemu ya jedwali. Kwenye JavaScript hakuna jedwali linaloizunguka.

Tofauti hii inaonekana kwenye mabano yenyewe. `kikosi[1][2]` si anwani moja yenye namba mbili. Ni safari mbili. Kwanza `kikosi[1]` inakurudishia safu nzima ya mabeki, `[2, 5, 4, 3]`, kitu kamili ambacho ungeweza kukipa jina na kwenda nacho. Halafu `[2]` inaulizwa kwa hiyo safu, si kwa kikosi. Anayewaza jedwali huandika `kikosi[1, 2]`, na JavaScript haimwambii kitu: inaitupa ile 1, inachukua 2, inamletea viungo wote watatu. C#, lugha nyingine ya programu, ina vyote viwili na imevipa maandishi tofauti, `[,]` kwa jedwali halisi na `[][]` kwa safu za safu. JavaScript, tangu ilipotengenezwa 1995, ina hii ya pili tu.

Na safari mbili zina mahali pawili pa kukwama. `kikosi[0][1]` inakupa `undefined`, yaani hakuna kitu: safu ya kipa umeifikia, mtu wa pili hayupo. `kikosi[4][0]` inasimamisha programu kwa hitilafu, kwa sababu safu ya tano yenyewe haipo, na huwezi kuuliza nafasi ya 0 ya kisichokuwepo. Tangu 2020 unaweza kuandika `kikosi[4]?.[0]` ukapata `undefined` kwa utulivu.

Kosa la kijana lilikuwa mstari mmoja. Alipima upana mara moja tu, kwa `kikosi[0].length`, yaani idadi ya vitu kwenye safu ya kwanza, akijua kwamba jedwali upana wake ni mmoja. Safu ya kwanza ni ya kipa, ina mtu mmoja, basi kila safu ikatoa mtu mmoja: 1, 2, 6, 7. Tulibadilisha ikawa `kikosi[i].length`, ambapo `i` ni namba ya safu inayosomwa wakati huo, kila safu ipimwe yenyewe, na wote kumi na moja wakatokea.

Nikamwambia, mdogo wangu, data hii ukimweleza mwenzio, sema safu nne za wachezaji, au safu ndani ya safu. Jedwali liweke kwa ule ukurasa wako wa msimamo wa ligi. Kule kila timu ina mechi, ushindi, sare, vipigo na pointi, hata ambayo haijacheza bado ina sifuri zake.