Kitone cha mafuta kwenye mmumunyo wa polima huendeshwa na nini?

Emalsheni ya mafuta ndani ya maji ni vitone vidogo mno, vingi vikiwa na upana wa mikromita moja hivi, ambavyo mara nyingi hubeba chaji hasi usoni. Tumbukiza elektrodi mbili, washa umeme, navyo vitaelekea kwenye elektrodi chanya. Mwendo huo huitwa elektroforesi.

Katika maji matupu hesabu yake ni nyepesi. Marian Smoluchowski alionyesha mwaka 1903 kwamba kasi huongezeka kadiri uga wa umeme na potenshali ya zeta vinavyoongezeka, na hupungua mnato, yaani uzito wa kimiminika unaokizuia kutiririka, unapopanda. Zeta ni volti iliyopo pale maji yanapoanza kuteleza kando ya kitone. Ikiwa milivolti 50, uga wa volti 10 kwa sentimita hukisukuma kitone takriban mikromita 35 kwa sekunde.

Sasa ongeza polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, hadi mnato upande mara kumi. Wengi hutarajia kasi nayo ishuke mara kumi. Mara nyingi haishuki kiasi hicho, na hapa ndipo pa kutulia. Umeme hauvuti kitone peke yake. Huzivuta pia ioni chanya zinazokizunguka, tena kwa upande wa pili. Mvutano huo wote humalizikia ndani ya tabaka la ioni, ambalo kwenye maji yenye chumvi ya milimoli 1 kwa lita lina unene wa nanomita 10 tu hivi. Minyororo ya polima isiyonata kwenye mafuta hukaa mbali na uso, kwa kuwa ikiusogelea hukosa nafasi ya kujikunja itakavyo. Hubaki ukanda mwembamba wa maji karibu matupu. Ukanda huo ukiwa mpana kuliko tabaka la ioni, kitone huteleza humo, na mnato wa mmumunyo uliobaki haukisumbui sana.

Polima inayonata ni habari nyingine. Hulisogeza eneo la kuteleza mbali na chaji, zeta ikashuka, kitone kikazorota. Yenye chaji chanya ya kutosha huweza hata kukigeuza kitone kirudi kilikotoka.

Ndiyo maana nasisitiza: usiandike zeta ya emalsheni yenye polima kabla ya kujua ni mnato gani ulioingizwa kwenye fomula. Polima isiponata, mnato wa mmumunyo mzima hutoa zeta kubwa kupita kiasi. Kwanza tenga vitone kwa sentrifuji, mashine inayozungusha sampuli kwa kasi, kisha pima polima iliyobaki majini. Iliyopungua ndiyo iliyonata.