Kwa nini mlio wa simu humfaa aliyeumia ubongo kuliko daftari?

Mtu aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda anaweza kukusimulia harusi ya dada yake tangu posa mpaka mnuso, halafu vidonge vya saa mbili usiku vikampita. Nyumbani wanasema amekuwa mzembe. Si uzembe, na neno hilo humuumiza bure. Kukumbuka yaliyopita ni kazi moja. Kukumbuka, saa ikifika, jambo ulilokusudia kulifanya ni kazi nyingine. Hii ya pili hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo huumia mara nyingi kichwa kinapogongwa.

Ushauri wa kwanza huwa, "Andika kwenye daftari." Lakini daftari hukaa kimya mezani. Ili likufae lazima ukumbuke kulifungua, na kukumbuka ndiko kulikoharibika.

Kasoro hiyo ndiyo iliyozibwa na NeuroPage, huduma ya kumkumbusha mtu kwa peja, yaani kifaa kidogo kinacholia na kuonyesha ujumbe, iliyobuniwa Marekani na mwanasaikolojia Neil Hersh pamoja na mhandisi Larry Treadgold, ambaye mwanawe aliumia kichwa. Kompyuta ilituma ujumbe kwa saa iliyopangwa, peja kiunoni ikalia, na maneno yakaonekana. Kule Uingereza, mwanasaikolojia Barbara Wilson na wenzake waliijaribu kwa watu 143, wakatoa matokeo mwaka 2001: zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza jaribio walitimiza mambo yao ya kila siku vizuri zaidi wakiwa na peja. Linalonigusa zaidi ni hili: baadhi waliendelea vizuri hata baada ya kuirudisha. Jambo lile lile likirudiwa saa ile ile huwa mazoea, nayo mazoea hayangoji kukumbushwa.

Leo simu imechukua nafasi ya peja, na hata baadhi ya vitochi vina kalenda inayolia. Ila mlio mtupu hautoshi. Atauzima na kujiuliza ulikuwa wa nini. Andika kabisa: "MEZA VIDONGE SASA. VIKO KWENYE KOPO JEUPE KANDO YA MTUNGI." Tena upange ulie wakati yupo karibu na hilo kopo. Ukilia akiwa njiani, atasema, "Nikifika nyumbani," na kabla hajafika mlangoni jambo limeshapotea.