Kiroboto wa tauni hunyonya asishibe

Panya hulaumiwa sana kwa tauni, na kweli ana hatia yake. Ila anayekudunga ni kiroboto, tena kiroboto anayekufa njaa huku akinyonya damu mfululizo.

Huanza kwa kunyonya panya mgonjwa. Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, huingia tumboni mwake pamoja na damu. Humo si mahali pa raha, kwani damu inapomeng'enywa hutoa vitu vinavyowaua bakteria. Hawa wa tauni wana kimeng'enya chao cha kujikinga, basi hubaki na kuzaliana.

Kati ya koo na tumbo la kiroboto pana kilango chenye safu za miiba midogo. Kazi yake ni kuzuia damu iliyokwisha kuingia isirudi. Bakteria hung'ang'ania miiba hiyo, hutoa ute unaonata, wakarundikana ndani yake hadi kilango kikaziba. Mpasue kiroboto wa namna hii chini ya hadubini: utaona bonge la kahawia limeshindiliwa kwenye miiba, na damu mbichi, nyekundu kabisa, imekwama kooni.

Sasa anauma, anavuta, damu inagonga bonge na kurudi kwenye jeraha ikiwa imebeba bakteria waliobanduka. Hajashiba, anauma tena. Watafiti Bacot na Martin walilieleza jambo hili mwaka 1914, na bado linanishangaza. Hata hivyo, kiroboto ambaye hajaziba anaweza kuambukiza katika siku za mwanzo baada ya kunyonya panya mgonjwa.

Ute huo hutengenezwa kwenye ubaridi wa mwili wa kiroboto. Kwenye nyuzi 37, joto la mwili wetu, bakteria huuacha na kuvaa gamba la protini linalowasaidia kuzikwepa chembe za kinga.

Panya akifa na mwili ukapoa, viroboto humhama kutafuta damu nyingine, hata ya mtu. Ndiyo maana wakati wa mlipuko viroboto huuliwa kwanza, panya baadaye. Panya aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu. Ukipata homa ya ghafla na mtoki unaouma kinenani, kwapani au shingoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo; antibiotiki zikiwahi, tauni hutibika. Mwambie daktari pia kama umeona panya wakifa ovyo nyumbani, maana homa peke yake inaweza kumpeleka kwenye malaria.